Balozi Mkumbukwa na Ndege ya Alhamisi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeshaulizwa mara mbili na waungwana wawili waliovaa suti zinazofanana, na mara zote mbili nimeapa kwamba haipo. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Kwa hiyo msomaji usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Inaitwa Jamhuri ya Shwari, na kwa miaka ishirini na sita mimi nilikuwa karani wa itifaki katika Wizara yake ya Mambo ya Nje, kazi niliyoifanya kwa uaminifu mkubwa na bila kuona kitu chochote.

Kazi yangu hasa ilikuwa rangi. Mkuu wa nchi yetu, ambaye cheo chake kamili huchukua dakika nne kukitamka na kwa kifupi tulimwita Mlezi, alisafiri sana. Akisafiri, serikali nzima ilikwenda uwanja wa ndege kumsindikiza. Akirudi, ilikwenda kumpokea. Ilijipanga mstari mmoja kando ya zulia jekundu, na ili watu wazima wasigombanie nafasi mbele ya wageni, mimi nilichora alama za miguu kwenye lami kwa rangi nyeupe, kila jozi na namba yake. Namba moja ilikuwa hatua tatu kutoka ngazi ya ndege. Namba sitini na tatu ilikuwa karibu na choo.

Katiba yetu ilikuwa na kurasa mia moja na themanini, na sijawahi kukutana na mtu aliyezisoma. Alama zangu kila mtu alizisoma. Ukitaka kujua nani kapanda na nani kashuka, hukuhangaika na gazeti. Ulitazama nani kasimama wapi. Mtu aliyefika akakuta alama yake imefutwa aligeuza gari, akaenda nyumbani kufungasha.

Naomba lieleweke kwamba Mlezi hakuwa mgonjwa. Alikwenda ng'ambo mara nne kwa mwaka kukagua hospitali za nchi rafiki, na kwa kuwa alikuwa mkaguzi makini, hakuridhika kuzitazama kwa macho tu. Alilala kwenye vitanda vyake wiki mbili, wiki tatu, akajaribu na dawa zao. Hospitali zetu hakuzikagua, kwa sababu alituamini.

Tulikuwa pia na Sheria Namba Tisa, ya Kumtakia Mema Mlezi. Ilikataza mtu kufikiri, kuota, kukisia au kudokeza kwamba Mlezi anaweza kufa. Mvunjaji alikamatwa papo hapo, yeye na ndugu zake wa tumbo moja, kwa sababu fikra mbaya huanzia nyumbani. Ndiyo maana hatukuwa na Makamu. Makamu ni wa nini, kama si mtu anayesubiri jambo fulani litokee? Alama namba moja ilikuwa ya Makamu, na niliipaka rangi upya kila mwaka, na hakuna aliyethubutu hata kuikanyaga kwa bahati mbaya.

*

Sasa nimlete Balozi Idrisa Mkumbukwa.

Alianzia namba sitini na tatu, kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, anayesimama wima huku harufu ya choo ikimpitia. Wazazi wake walikufa mapema. Alilelewa na dada yake, Bi Siwema, mwanamke aliyeshona foronya na mashuka miaka kumi na minne ili mdogo wake avae sare ya shule, na ambaye kwa sababu ya hizo foronya hakuwahi kuolewa. Balozi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku moja alipokuwa na furaha, na nilipomwona dada yake niliamini. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano za miaka hiyo yote.

Wizarani tulikuwa na utaratibu wetu unaoitwa kupoza. Habari ikitoka nje ikiwa ya moto haiwezi kupelekwa kwa Mlezi hivyo hivyo, itamuunguza. Basi kila meza inayopitia inaipoza kidogo, inaondoa neno moja, inaweka jingine. Nakumbuka barua iliyoanza kwenye meza ya chini ikisema kwamba watu wa mpakani wanakufa njaa. Meza ya pili ikaandika kwamba watu wa mpakani wamepunguza kula. Meza ya tatu ikaandika kwamba wamekuwa watu wa kiasi. Ilipofika kwa Mlezi, aliwatumia salamu za pongezi na fulana.

Katika kupoza hakuna aliyemfikia Mkumbukwa. Jirani zetu walipokiteka Kisiwa cha Ndimu na kushusha bendera yetu, nchi nzima ilitetemeka, maana nani angempelekea Mlezi habari ile? Mkumbukwa aliandika sentensi moja: "Jirani zetu wametupunguzia mzigo wa kulinda ufukwe." Mlezi alicheka, akamfanya balozi. Akahama kutoka namba hamsini kwenda namba kumi na tisa, na mimi nikachora alama zake kwa mkono wangu.

Ng'ambo alijulikana kwa hotuba. Aliwahi kusimama mbele ya mataifa mawili yanayopigana, akazungumza saa nne bila kunywa maji, na alipomaliza pande zote mbili zilimkumbatia na kumshukuru kwa kuwaunga mkono. Vita viliendelea wiki hiyo hiyo. Alirudi nyumbani akapewa Wizara yetu, ingawa tuliendelea kumwita Balozi, akasimama namba mbili, na kwa kuwa namba moja ilikuwa wazi, hapakuwa na mtu kati yake na ngazi ya ndege.

Miaka kumi na mmoja alikaa hapo. Akamkumbuka dada yake, akamtafutia nafasi katika Kikundi cha Mapokezi: wanawake arobaini waliovaa kanga zenye sura ya Mlezi, waliokuwa wakiimba na kucheza ndege inapotua. Ilikuwa heshima kubwa. Bi Siwema alikuwa na miaka sitini na minane na ugonjwa wa kisukari, akijichoma sindano asubuhi na jioni, lakini alicheza vizuri kuliko mabinti. Pembeni yake alisimama shoga yake wa siku zote, Bi Kibibi, mama mnene mwenye sauti nzito ambaye kila wimbo yeye ndiye aliyeuanzisha. Walishikana mikono wakati wa kungoja, kama watoto wa shule.

*

Alhamisi ile ndege ilitarajiwa saa sita mchana. Serikali ilikuwa mstarini tangu saa tatu. Jua lilikuwa kali, lami inanuka. Mimi nilisimama nyuma ya Balozi na simu ya Wizara, kwa sababu mikono ya waziri hutakiwa kubaki ubavuni mapokezi yanapoendelea, na simu ikiita karani ndiye anayeishika sikioni pa waziri.

Iliita saa sita kasoro dakika kumi. Alikuwa balozi wetu wa huko Mlezi alikokuwa anakagua.

"Mheshimiwa, Mlezi ameahirisha safari."

"Mpaka saa ngapi?" akauliza Balozi Mkumbukwa, midomo haichezi, macho yako mbele.

"Hakutaja saa, Mheshimiwa."

"Mpe simu niongee naye."

Ile sauti ikavunjika, ikasahau mafunzo yake yote ya kupoza. "Mheshimiwa, amekufa. Saa mbili zimepita sasa. Nimekaa naye hapa chumbani, sijui nifanye nini."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Taratibu zinasema niripoti kwa Waziri."

"Na Waziri anaripoti kwa nani?"

"Kwa Mlezi, Mheshimiwa."

Nilimwona jasho likimtoka shingoni, likaingia kwenye kola. "Subiri maelekezo," alisema. Nikakata simu. Mimi, kama nilivyokwisha kusema, sikuona kitu.

Kutoka namba nne Jenerali Basilio Nditi, mkuu wa usalama, aligeuza shingo. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowaogopesha watu.

"Habari njema, Mheshimiwa Waziri?"

"Njema, Jenerali. Kuna kuchelewa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wanasema kidogo."

"Alhamdulillahi," alisema Jenerali, akarudisha shingo mahali pake.

Ninyi msiojua mambo ya itifaki mtauliza, kwa nini hawakuondoka wakarudi ndege itakapokaribia? Kwa sababu Kanuni ya Mapokezi ilisema wazi: aliyekwisha kusimama kwenye alama haondoki mpaka Mlezi akanyage zulia. Kuondoka ni kusema haji. Kusema haji ni kujiuliza kwa nini. Na kujiuliza kwa nini, hiyo tayari ni Sheria Namba Tisa. Kanuni iliruhusu njia moja tu ya kutoka uwanjani, nayo ni kuwa chini ya ulinzi.

Jioni ikaingia. Wakalala wamesimama, wengine wamechuchumaa juu ya alama zao. Choo kiliruhusiwa kwa kuwa kilikuwa ndani ya eneo la mapokezi, na ofisa wa namba sitini na tatu alisalimiwa siku ile na mawaziri ambao hawakuwahi kumjua jina. Maji yalikuja kwa gari, pipa moja, yakagawiwa kwa kufuata namba. Wanawake wa Kikundi cha Mapokezi hawakuwa na namba.

*

Ijumaa alfajiri Bi Siwema alimwita ndugu yake. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Idrisa, mdogo wangu, hii ndege inakuja lini? Sindano zangu ziko nyumbani kwenye friji."

"Inakuja, dada. Vumilia kidogo."

"Mimi navumilia. Kibibi hapa ndiye hali yake siielewi."

Nilimwona Balozi anapiga hesabu. Kisha akageuka namba nne.

"Jenerali, dada yangu ana sukari. Naomba dereva akamletee sindano zake."

"Masikini," alisema Jenerali kwa huruma. "Kwani ndege haiji sasa hivi?"

"Inakuja."

"Basi sindano za nini? Atajichoma nyumbani baada ya mapokezi. Au kuna jambo unalojua, Mheshimiwa, ambalo sisi wengine hatulijui? Wewe ndiye mwenye simu."

Waziri wa Afya, namba saba, alitazama viatu vyake kana kwamba ameviona leo. Nilikuwa nimeishika ile simu mkononi, imelowa jasho langu, na niliogopa isije ikaita.

"Hakuna," alisema Balozi. "Ndege inakuja."

"Umenitoa wasiwasi," alisema Jenerali.

Saa mbili asubuhi Bi Kibibi alianguka. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole huku mkono wake uko ndani ya mkono wa Bi Siwema, kisha akalala ubavu, midomo imekauka na kupasuka. Waziri wa Afya aliruhusiwa kwenda kumwona. Alimshika mkono, akamfunua jicho, akarudi kwenye alama yake na kutoa taarifa kwa sauti ya kiofisi kwamba mwanakikundi mmoja amezidiwa na furaha ya mapokezi na amepumzika. Bendi ya polisi ikapiga wimbo mfupi.

Hawakumwondoa, kwa kuwa hakuwa chini ya ulinzi. Bi Siwema alivua kanga yake ya pili, akamfunika shoga yake, akasimama juu yake ili kivuli chake kimwangukie usoni. Alilia kwa sauti na hakuna aliyemnyamazisha. Wakati wote alimtazama ndugu yake. Balozi alikuwa anatazama juu, upande ndege hutokea.

Nami nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Nikimtazama kisogo nilijua anachofanya. Alikuwa anaitafuta sentensi. Mtu aliyekipoza Kisiwa cha Ndimu kwa maneno saba alikuwa anatafuta namna ya kusema Mlezi amekufa bila kusema Mlezi amekufa. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza alisema, "Jenerali, hali ya hewa ya huko..." akaacha. Mara ya pili alisema, "Kuna safari ambazo..." Jenerali akageuza shingo kwa hamu, na Balozi akasema kuna safari ambazo ni ndefu. Siku ya Ijumaa ikapita hivyo, na Bi Kibibi yuko chini ya kanga.

*

Jumamosi asubuhi Bi Siwema alianza kuzungumza na watu ambao hawakuwepo. Alimwambia mama yao marehemu kwamba foronya za mzungu zimekwisha, bado mashuka. Alitapika, na hakukuwa na cha kutapika. Akasema ana kiu, ana kiu, ana kiu, akajaribu kukaa chini, akashindwa, akashikwa na mwanamke aliyesimama kando yake. Kisha akaanza kuita, "Idi! Idi! Umeshakula?" Idi ndilo jina alilomwitia alipokuwa mtoto.

Balozi Idrisa Mkumbukwa alitoka kwenye alama namba mbili.

Ni vigumu kumweleza mtu asiye wa nchi yetu jambo hili lilivyokuwa. Katika miaka ishirini na sita sikuwahi kuona alama ikiachwa tupu bila ruhusa wakati mwenyewe yu hai. Alitembea kando ya zulia, akaipita namba tatu, akaipita namba nne.

"Mheshimiwa," alisema Jenerali kwa upole, "rudi kwenye alama yako."

Hakurudi. Alifika kwa dada yake, akamshika asianguke, kisha akageukia mstari. Miaka yote nilimsikiliza mtu yule akihutubia mataifa, na siku ile ndipo nilipomsikia akisema jambo kwa mara ya kwanza.

"Mlezi amekufa. Alikufa Alhamisi. Hakuna ndege."

Mpiga tarumbeta mmoja, ambaye alikuwa amezoea kupiga kila hotuba inapomalizika, alipiga noti mbili kisha akazuia tarumbeta kwa kiganja.

"Unajua unachokisema?" Jenerali aliuliza. Sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na upole.

"Najua. Ni Sheria Namba Tisa. Nikamate."

"Nitakukamata."

"Mimi na ndugu wa tumbo moja. Sheria ndivyo inavyosema. Huyu ni dada yangu, tumbo moja, baba mmoja. Mkamate. Mkamate yeye kwanza, apelekwe hospitali ya magereza sasa hivi, maana mshtakiwa akifa kabla ya kesi utaulizwa wewe."

Jenerali alitazama sheria pande zote, hakuona pa kutokea. Akaashiria. Karandinga likaja kwa kasi, askari wakamnyanyua Bi Siwema kwa mikono na miguu, wakamweka juu ya benchi, na Balozi akapanda nyuma yake akiwa na pingu. Likatoka langoni. Lango lilifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na upepo ukaingia.

Kilichofuata nakieleza kama kilivyotokea. Waziri wa Afya aliinua mkono.

"Jenerali, na mimi nilifikiri."

"Ulifikiri nini?"

"Kwamba Mlezi anaweza... Nilifikiri jana. Nilifikiri sana. Nikamate."

"Mimi nilifikiri tangu Alhamisi," alisema Waziri wa Kilimo, "tena nina ndugu sita, wote wako hapa serikalini."

"Mimi niliota!" alipiga kelele ofisa wa namba sitini na tatu kutoka chooni.

Bendi ikakiri. Kikundi cha Mapokezi kilikiri kwa pamoja, sauti ya kwanza na sauti ya pili, na wakadai Bi Kibibi naye alikuwa amefikiri, hivyo akamatwe, apakiwe. Nilipewa kazi ya kuorodhesha. Karandinga zilikwenda na kurudi mpaka saa tisa, na watu waliokuwa hawajawahi kupanda gari bila kufunguliwa mlango walisukumana kugombea nafasi nyuma. Mwisho askari wenyewe wakakamatana wawili wawili.

Uwanjani tukabaki Jenerali Nditi na mimi. Alisimama kwenye alama namba nne, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Karani," aliniuliza, "kwa mujibu wa itifaki, mbele yangu kuna nani?"

"Hakuna mtu, afande."

"Andika."

Akasogea, hatua moja, nyingine, akaweka viatu vyake juu ya namba moja, polepole, kama mtu anayejaribu ubichi wa rangi. Kisha akanyoosha mkono, nikampa simu, akamwambia yule balozi wetu alete jeneza. Lilitua Jumapili. Siku hizi Jenerali ndiye tunayemwita Mlezi, na cheo chake kamili ni dakika tano.

*

Nchi haiendi bila mawaziri, kwa hiyo siku ya kumi wote walisamehewa. Ilitangazwa kwamba kufikiri kwao kulikuwa kwa nia njema. Cheti cha Bi Kibibi kiliandikwa kwamba kifo kimesababishwa na furaha.

Aliyebaki gerezani ni mmoja. Kesi yake ilisikilizwa faraghani na jaji alisema ni kesi ngumu. Kama Mlezi hakuwa amekufa, mshtakiwa alikuwa na kosa la kusema. Kama alikuwa amekufa, mshtakiwa alikuwa na kosa la kujua na kutosema. Kwa kuwa mahakama haikutaka kumwonea kwa kuchagua, ilimpa yote mawili, miaka kumi na miwili kwa kusema na kumi na miwili kwa kutosema.

Mitaani alisifiwa, ingawa kwa sauti ya chini. Watu walisema yule ndiye mwanamume, aliyejitia moto kwa ajili ya dada yake. Akina mama walimtaja kwenye maombi. Bi Siwema alipona, akakonda, akawa anakwenda gerezani kila Jumamosi na bakuli la mihogo ya nazi, na kila aliyekutana naye njiani alimsimulia: "Ndugu yangu alikuwa namba mbili. Akaiacha kwa ajili yangu."

Mwezi wa tatu wa kifungo chake nilitumwa gerezani na fomu. Waziri anapoondoka madarakani lazima ajaze Fomu ya Makabidhiano, la sivyo hawezi kuitwa rasmi Waziri wa Zamani, na Wizara ilikuwa inashindwa kumfungia jalada. Nilimkuta kwenye chumba cha wageni, amevaa sare ya gereza iliyopigwa pasi, sijui aliwezaje. Bi Siwema alikuwa anafungua bakuli.

"Karani wangu!" Balozi alifurahi kweli. "Kaa. Dada, huyu ndiye mtu mwaminifu kuliko wote Wizarani."

"Karibu baba, kula na sisi," alisema Bi Siwema.

Nilisema nitakula baada ya kazi. Nikasoma maswali, naye akajibu, nami nikaandika. Jina. Cheo. Vitendea kazi vilivyorudishwa. Likafika swali la kumi na nne.

"Muda wa waziri hukoma pale aliyemteua anapofariki na waziri anapopata taarifa," nilisoma. "Taja siku na saa ulipopata taarifa."

Balozi alinitazama. Alikuwa anaomba kitu kwa macho, na mimi nilitazama karatasi.

"Taarifa," alianza, na sauti yake ya hotuba ikarudi, "ilinifikia kwa hatua. Katika mazingira ya wakati ule ni vigumu kusema kwamba mtu alijua, kwa maana kamili ya..."

"Idrisa," alisema Bi Siwema. Alikuwa amesimama na mfuniko mkononi. "Umeulizwa saa."

Askari wa mlangoni alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Alhamisi," alisema Balozi. "Saa sita kasoro dakika kumi."

Bi Siwema aliinua mkono wake mmoja wenye alama za sindano na akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu. Alhamisi mchana. Alhamisi jioni. Usiku. Ijumaa alfajiri.

"Kibibi alianguka Ijumaa saa mbili," alisema.

"Dada, ningesema wangeniua."

"Jumamosi ulisema."

"Jumamosi ulikuwa wewe!" Alisema kwa nguvu, machozi yakamtoka. "Wewe ulinilea. Ningekuacha ufe?"

"Na Kibibi alilelewa na nani? Kibibi hakuwa dada wa mtu?"

Bi Siwema aliweka mfuniko juu ya bakuli. Akatandaza kitambaa, akafunga fundo, akaliinua lile bakuli likiwa limejaa na kulibana kwapani. Alipofika mlangoni aligeuka, nami nilidhani anamtazama ndugu yake, kumbe ananitazama mimi.

"Na wewe, baba, wakati huo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya miaka ishirini na sita. Niliyaacha yote.

"Nilikuwa nyuma yake, mama," nilisema. "Mimi ndiye niliyeishika simu."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokifuata, akatoka. Tulisikia kandambili zake mpaka lango la pili. Balozi alisaini fomu mahali nilipomwonyesha, nami nikaandika siku na saa, nikapiga muhuri.